Tundu la Pili

Jumapili, 6 Julai

Shilingi elfu nne. Muuza mtumba mwenyewe hakujua anauza nini, alikitupia kwenye rundo la midoli: gari lisilo na magurudumu, mwanasesere wa jicho moja, na hiki kinanda cha mdomo. Hohner, Marine Band, herufi C pembeni. Mbao katikati, bati juu na bati chini, misumari badala ya skrubu. Matundu 10. Nimekinunua cha nini? Wifi kauliza hivyo hivyo, sikuwa na jibu. Kwaya leo wameimba ule wimbo wa sauti nne. Mimi benchi la nyuma, leso mdomoni kama mwenye mafua.

Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba

Mashine ya kukamua alizeti imefungwa, siku ni yangu. Nimekiosha kwa sabuni, nikakiloweka kwenye maji ya vuguvugu. Kosa! Meno ya mbao yamevimba, yametokeza nje, yananikwaruza midomo. Kijana wa kwenye video anasema cha mbao hakilowekwi kamwe. Kalisema mwishoni, bando lilipokaribia kukatika. Sasa kimelala juani kwenye ungo, kando ya mlenda.

Alhamisi, 10 Julai

Kimerudi hali yake, karibu. Kila tundu lina sauti mbili, moja ya kupuliza na moja ya kuvuta. Nikatafuta do re mi. Tundu la 1: do, re. La 2: mi, na ukivuta, sol. La 3: sol tena, kisha ti. Haya, fa iko wapi? La je? Nimerudia mara tano nikidhani ni sikio langu. Hazimo! Fundi Mjerumani alitaka mtu akipuliza tu apate sauti tatu zinazopatana, aandamane na nyimbo za kijijini kwake, basi fa na la za chini akazitoa sadaka. Zimekamilika kuanzia la 4 hadi la 7 tu.

Weusi wa Marekani ndio waliokigeuza. Badala ya kukipuliza, wakakivuta. Kinanda cha C, wimbo wanaukalisha kwenye G, hiyo ndiyo bluzi. Zile zilizokosekana wanazipata kwa kuipinda sauti: mdomo unasema ii, halafu uu, kwa ndani. Kwa ndani! Mimi nikivuta la 2 anatoka mbuzi aliyebanwa na mlango. Mara nyingine hatoki hata mbuzi.

Wifi kagonga ukuta: mluzi usiku unaita nyoka. Wifi, huu si mluzi. "Nyoka atajuaje?"

Jumanne, 15 Julai

Upepo tangu alfajiri, mabati ya ghala yanapiga kelele. Midomo imepasuka. Nikapaka mafuta ya alizeti, ya kwetu hapa hapa, yaliyochujwa jana. Kinanda kikateleza vizuri ajabu, kisha sauti zikaanza kunata moja moja. Miaka minane nimekaa kwenye mizani ya mashine ya kukamua, na bado sijui mafuta yanafanya nini kwenye kitu chembamba.

Simu ya ofisini. Nimesema haloo. "Shikamoo mzee, naomba kuongea na yule mama wa mizani." Nikamwambia ametoka.

Sauti yangu, daktari alisema, miezi mitatu. Huu ni wa tano.

Jumamosi, 19 Julai

Nilijificha nyuma ya magunia ya mashudu kufanya zoezi la treni. Ndiko wanakoanzia wengi: vuta vuta, puliza puliza, matundu ya chini kabisa. Sonny Terry alikuwa kipofu, lakini treni lake unaliona. Langu alilisikia mlinzi.

"Mama, hiyo nini?"

Treni, mzee.

"Hiyo bodaboda inapanda Sekenke."

Kakulia Manyoni, nyuma ya stesheni, amehesabu mabehewa tangu utoto. Treni, anasema, halina haraka ya kuondoka. Linavuta, linapumzika kana kwamba limeghairi, linavuta tena. Akalipiga kwa rungu kwenye lango. Nikafuata rungu. Likatoka! Mara tatu, kisha pumzi ikaisha. Hili la umeme linalofika Dodoma, kasema, halina la kuigiza, linapita kama mwizi.

Nimecheka. Hata kicheko kimebadilika, sikukumbuka hilo mpaka kilipotoka.

Jumapili, 27 Julai

Sikwenda kanisani. Nimwambie nani, naliandika hapa tu.

Ziwa Singidani, juu ya mawe, maji yamerudi nyuma yameacha magadi. Heroe wachache upande wa pili, wekundu wa mbali. Nimesikiliza Little Walter kwenye simu, "Juke", ya 1952. Haina mwimbaji. Mwanzo hadi mwisho kinanda ndicho kinachosema, na hakuna anayeuliza mwimbaji yuko wapi. Alikuwa akikifumbata pamoja na maikrofoni, kinafura kinakuwa kama saksofoni. Alikufa 1968 baada ya ugomvi, miaka 37. Mimi 41 na tundu la 2 halijafunguka.

Halafu nikapiga miayo. Usingizi tu wa jua na upepo, na kinanda kilikuwa mdomoni. Tundu la 2 likasema. Nene, ya chini, ikaingia mpaka mbavuni. Taya limeshuka, koo wazi. Kumbe siku zote nilikuwa nanyonya kama mrija wa soda! Havutwi kwa nguvu huyu, anapumuliwa. Nimepumua naye mpaka kizunguzungu, ikabidi nilale kwenye jiwe.

Koo, na wewe.

Ijumaa, 1 Agosti

Mzee kaja na marimba yake, ilimba anaiita. Sanduku lenye vyuma vingi, na kitundu alichokiziba kwa utando wa buibui ili sauti ikwaruze. Anaupenda mkwaruzo. Sauti safi, anasema, ni ya redio. Nikamtajia marehemu Hukwe Zawose. "Yule alizunguka dunia. Mimi nilibaki na mbuzi."

Akagusa vyuma, nikavuta nilichonacho: la 2, la 3, la 4, la 5, la 6. Basi. La 5 limekuwa likinisumbua tangu mwanzo, nilidhani ni bovu. Ukianzia la 2 kama do, hili la 5 linakaa chini ya ti, chini hata ya ile inayokaa chini ya ti kwenye kinanda cha kanisani, mwalimu wa kwaya angeniangalia juu ya miwani. Mzee kagusa chuma kimoja. Ile ile! Si karibu nayo, ile ile, zikashikana hata utando wa buibui ukalia peke yake. Nikavuta tena. Akagusa tena. Hatukusemezana.

"Hiyo umeitoa wapi?"

Ujerumani.

Akakataa kabisa.

Ijumaa, 8 Agosti. Nanenane

Tajiri yuko Nzuguni na chupa zake za maonyesho. Tumebaki mimi, mzee na njiwa wanaookota alizeti.

Katibu wa kwaya kapiga simu: narudi lini? Nikafungua mdomo, ukatoka ule mkwaruzo. Nikakifunga kinywa, nikaweka kinanda kwenye simu, nikavuta la 2, nikalipinda, likashuka nusu kabla ya kuteleza.

"Haloo? Haloo, dada?"

Nikakata. Mtoto wa miaka 41.

Jioni la 4 limekwama. Halipulizi, halivuti. Chembe ya mashudu, sina shaka, kinanda nimekiweka mfukoni mwa aproni wiki nzima. Na hii misumari haifunguki kwa bisibisi. Mzee anasema kwa wembe, taratibu, kuanzia pembeni. Wembe upo kwa wifi, na wifi kalala.