Hodi ya Pili kwa Mzazi



Msimu wa mvua za masika uliopita, Mwenyezi Mungu alitujaalia mjukuu wetu wa kwanza. Hakuzaliwa Mombasa, bali Ogembo katika kaunti ya Kisii, ambako binti yetu ameolewa na kijana wa Kigusii, Muislamu mwenye duka dogo pale mjini. Sisi na mama yake tulifunga safari, basi la usiku hadi Nairobi, kisha Kisii, kisha matatu mpaka Ogembo. Tulifika mtoto akiwa na siku tano. Tulimkuta mkwewe wa kike amekwisha kumpikia chinsaga, mboga ambayo Wakisii humlisha mzazi ili maziwa yashuke. Mama yake naye alikuwa amebeba pilipili manga na habbat soda kutoka pwani. Mzazi yule hakukosa wa kumlisha. Alichokikosa tulikijua baadaye.

Kesho yake ilisikika hodi. Alikuwa mhudumu wa afya ya jamii, mama wa makamo, mwenyeji wa mtaa ule. Wahudumu hawa si wageni kwetu Kenya. Septemba 2023 Rais William Ruto aliwazindua zaidi ya 100,000 kati yao pale Uhuru Park, Nairobi, wakapewa mikoba ya vifaa, na kila mmoja akakabidhiwa kaya zipatazo 100 za kuzitembelea. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikwisha kushauri tangu 2009 kwamba mtoto mchanga atembelewe nyumbani ndani ya saa 24 za kwanza, kisha siku ya tatu, na ikiwezekana kabla ya wiki kwisha.

Yule mama aliviacha viatu vyake mlangoni, akasalimu, akaketi.

"Mtoto ananyonya vizuri?" akauliza.

"Ananyonya, alhamdulillah," akajibu mama yake binti.

"Na mzazi analala?"

"Analala. Mimi ndiye ninayemwangalia."

Nasi tukaongeza kwamba mtoto ana nguvu, na sauti yake yafika barabarani. Mhudumu akaandika kwenye simu yake, akashukuru, akaondoka. Kwa hesabu ya kazi yake, nyumba yetu ilikuwa imetembelewa.

Usiku ule tuliamka kwa ajili ya swala, tukaona taa jikoni. Binti yetu alikuwa amesimama na mtoto begani, kijiko mkononi, na bilauri ya maji ya sukari mezani. Alikuwa akilia bila sauti.

"Baba, maziwa yananiuma mno, chuchu zimepasuka," alisema. "Nimeona haya kusema mbele yenu. Mmetoka mbali mje kufurahi."

Tuna zaidi ya miaka ishirini tukidarisisha mlango wa haki za mtoto. Tumeisoma na kuisomesha aya ya 233 ya Suratul Baqara, inayotaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha na inayowataka baba na mama washauriane. Hata hivyo, katika nyumba ambayo sisi ndio tuliokuwa wakubwa, mzazi alishindwa kulisema jambo lake kwa sababu tulimjibia sisi.

Siku tatu baadaye ilisikika hodi ya pili. Mhudumu ni yule yule, lakini safari hii hakuuliza mbele yetu. "Mzee, na wewe mama, naomba mniachie huyu mzazi kidogo," alisema kwa adabu. Hatutaficha kwamba neno lile lilituchoma, maana mgeni alikuwa akiwatoa nje wenye nyumba. Tukatoka tukasimama kwenye migomba, na mama yake akawa ananung'unika chini kwa chini.

Ilipita karibu saa nzima. Alimwonyesha namna ya kumpakata mtoto ili kinywa chake kipokee titi na si ncha ya chuchu peke yake. Akamweleza kwamba maji ya sukari hujaza tumbo dogo na kumpotezea mtoto hamu ya maziwa, na kwamba kwa miezi sita ya mwanzo maziwa ya mama yanatosha bila kuongezwa kitu. Akamwambia ziwa likivimba na homa ikipanda asingoje, aende kliniki. Alipotoka alimwita mkwe wetu, akampa kazi ya kumpokea mtoto usiku baada ya kunyonya ili mkewe alale. Wiki haikwisha ila bilauri ile ilikuwa imerudi kabatini.

Katika daftari, hodi ya kwanza na ya pili ni ziara mbili zilizo sawa, na mwenye kuhesabu ziara hawezi kuzitofautisha. Hili ndilo tunalotaka familia zetu na viongozi wetu walitafakari kila inaposomwa taarifa kwamba nyumba kadhaa zimetembelewa.

Wataalamu wenyewe wamelipima jambo hili kwa uaminifu. Katika wilaya sita za Mtwara na Lindi, kusini mwa Tanzania, watu wa kujitolea walifundishwa kumtembelea mjamzito mara tatu, kisha mara mbili baada ya kujifungua. Matokeo yaliyochapishwa 2015 yalionyesha kwamba baadhi ya mambo yalibadilika, miongoni mwao kumnyonyesha mtoto maziwa matupu katika siku za mwanzo. Hata hivyo, vifo vya watoto wachanga havikuonekana kupungua kuliko kwingineko. Hapo hatuwalaumu waliotembea. Ushauri wa nyumbani hufika mpaka mlango wa hospitali, na mtoto akiwa mgonjwa huhitaji pia tiba iliyo tayari ndani ya mlango huo.

Huko Elmira, jimbo la New York, wauguzi walianza kuwatembelea wanawake wenye mimba za kwanza mwishoni mwa miaka ya 1970. Watafiti walizifuatilia familia hizo kwa miaka 15, wakaona kwamba waliotembelewa walipungukiwa na visa vya kuwatesa na kuwatelekeza watoto. Mpango huo ulipopelekwa Uingereza, matokeo ya 2015 hayakuonyesha faida katika mambo makuu yaliyopimwa, ukilinganishwa na huduma za kawaida ambazo tayari zilikuwa nyingi. Basi heri iliyopatikana kwa jirani haitoshi kuwa ushahidi wa kwetu mpaka nasi tupime.

Kupima kwenyewe ni katika mwendo wa wema waliotangulia. Imepokewa katika vitabu vya historia kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa akilinda msafara uliotua Madina usiku, akamsikia mtoto akilia. Alimwendea mama yake zaidi ya mara moja. Mwishowe mama, asimjue ni nani, akamweleza kwamba anamwachisha mtoto ziwa kabla ya wakati, kwa kuwa Umar hatoi posho ila kwa aliyekwisha kuachishwa. Umar aliswali alfajiri huku akilia, kisha akaamuru posho itolewe kwa kila mtoto anayezaliwa. Katika daftari la posho, hesabu ilikuwa sawasawa. Kosa lilijulikana kwa kilio cha usiku, na kwa kiongozi aliyerudi kuuliza tena.

Mama zetu na dada zetu, mhudumu akibisha hodi kwa mwali wenu aliyejifungua kifunguamimba, mkaribisheni, kisha tokeni. Mwacheni mzazi ajibu kwa kinywa chake. Nanyi akina baba, kaeni karibu mpokee kazi mtakayopewa. Na wanaosimamia mipango hii, baada ya kuhesabu milango, wamuulize mzazi faraghani maswali mawili: umesaidiwa nini, na ni lipi hukuweza kulisema?

Mjukuu wetu sasa anatambaa. Tukipiga simu Ogembo, huomba kwanza kuzungumza na mama yake, kisha hunyamaza tukamsikiliza.

Wabillahi tawfiq.