Rangi Mpya, Kalibu Ile Ile



Hapa Machakos mama mmoja mjane alitujia na suala ambalo huenda likazifikia nyumba nyingi za Pwani. Mwanawe wa miaka 14 hununua katika mitumba zile roboti za plastiki zigeukazo kuwa gari au ndege. Huziosha, huzipaka rangi nyingine, kisha huwauzia wakusanyaji wa Nairobi kwa bei ya toleo adimu. Fedha hizo ndizo zinunuazo unga wa nyumba ile. Je, unga huo ni halali?

Kabla ya kujibu tulitaka kuijua asili ya kitu chenyewe, tukaona kwamba kubadili rangi kumo katika asili yake. Kampuni ya Takara ya Japani ilianza kuuza Diaclone mwaka 1980, roboti zilizoendeshwa na vijitu vidogo vilivyokaa ndani yake. Mwaka 1984 Hasbro ya Marekani ilizichukua kalibu hizo kwa mapatano, pamoja na za Micro Change, ikaziita Transformers. Madereva wakaondolewa katika hadithi. Roboti zenyewe zikapewa majina na tabia. Starscream, Thundercracker na Skywarp, ambao watoto huwaona watatu, walitoka katika kalibu moja ya ndege: mmoja kijivu na nyekundu, wa pili buluu, wa tatu mweusi na zambarau.

Basi rangi si kosa. Wala kichezeo si kosa: Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na farasi mwenye mbawa za kitambaa, na alipoulizwa na Mtume (S.A.W.) alijibu kwamba farasi wa Nabii Suleiman walikuwa na mbawa. Mtume akacheka.

Lakini Mtume huyo huyo alikataza kuwaacha ngamia na kondoo bila kukamwa siku kadhaa ili viwele vijae na mnunuzi adhani kapata mnyama wa maziwa mengi. Aliyenunua hivyo alipewa hiari ya kumrudisha. Mnyama ni halali, maziwa ni halali. Kilichokatazwa ni ile dhana ya uongo iliyopandwa moyoni mwa mnunuzi.

Tulimwambia mama yule: kazi ya mikono ya mwanao ni halali na ina thamani yake, ila auze akisema, "Nimeipaka mwenyewe." Zile alizokwisha kuuza kwa jina la adimu, wenyewe waambiwe, na atakaye kurudisha arudishiwe fedha zake.

Mama alinyamaza kitambo, kwani fedha zilikwisha liwa. Wawili wamerudisha. Kijana analipa kidogo kidogo, na bei ya roboti zake sasa imeshuka.

Hapa ndipo jambo linapotuhusu sote. Wenye madeni wametajwa katika Qur'ani miongoni mwa wanaostahiki zaka. Tukimhimiza mjane aseme kweli, kisha tukamwachia peke yake gharama ya kweli hiyo, tutakuwa tumetoa fatwa nusu. Nanyi wazazi, mtoto aletapo fedha nyumbani, mwulizeni kwanza alimwambia nini mnunuzi.

Wallahu aalam.