Kikombe, Chupa na Kitambaa cha Kidevuni

Alipopangiwa wodi ya watoto njiti jijini Dar es Salaam, muuguzi mmoja alikuta chupa imeshapigwa marufuku na kikombe kimeshika nafasi yake. Mpango wa hospitali rafiki kwa mtoto, uliozinduliwa na WHO na UNICEF mwaka 1991, ulikuwa na hatua kumi, na ya tisa ilikataza chuchu bandia kwa mtoto anayenyonya. Sababu alizielewa upesi. Maziwa huganda kwenye shingo ya chupa na ndani ya chuchu, na nyumbani kwa akina mama wengi maji ni ya kununua na mkaa wa kuchemshia pia. Kikombe kiko wazi, unakisugua kwa sabuni na kuona kimetakata.

Kazi ilikuwa kwenye mkono. Mtoto hufungwa khanga asipige kikombe, akapakatwa nusu wima. Ukingo uguse mdomo wa chini taratibu, maziwa yafike midomoni, kisha mama asubiri. Njiti wa wiki 32 hutoa ulimi akalamba kama paka. Aliyetimiza miezi hufyonza.

"Sista, mbona anachelewa hivi?"

"Usimmiminie, mama. Mwache achukue mwenyewe, apumzike, aombe tena."

Anayemiminiwa hupaliwa, na maziwa yakishuka mapafuni, hayo ni mengine. Hapo muuguzi hakuwa na mzaha na mtu, awe bibi wa mtoto au daktari mwanafunzi.

Kilichomkosesha raha ni hesabu. Mtoto wa kilo 1.5 huanzishiwa takriban mililita 60 kwa kila kilo kwa siku, yaani 90. Ukigawa kwa milo 8, kila mlo ni mililita 11 na ushei. Kiasi hicho kikichuruzika kidevuni hata kidogo tu, mtoto amelala na njaa huku faili likisema ameshiba. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2002 ulikuta zaidi ya theluthi moja ya maziwa yaliyoandikwa kuwa yamenywewa kwa kikombe yako kwenye kitambaa cha kidevuni. Tangu aliposoma hayo, akawa anapima kitambaa kikavu, kisha kikilowa.

Wataalamu wa Australia nao walifuatilia njiti 319 na kuchapisha matokeo mwaka 2004: waliopewa kikombe walitoka hospitali wakinyonya maziwa ya mama pekee kwa wingi zaidi, lakini walikaa wodini siku 10 hivi zaidi. Kwenye wodi ambayo kitanda kimoja kina akina mama wawili, siku 10 si jambo dogo. Hata hivyo yeye alibaki upande wa kikombe, kwa sababu chupa humfuata mtoto nyumbani, kwenye maji yale yale ya kununua.

Mwaka 2018 hatua ya tisa ililegezwa: mama aelezwe hatari za chupa, badala ya kukatazwa tu. Muuguzi aliipokea kwa moyo mweupe, maana mama aliyeelezwa huuliza. Wakati wa kupokezana zamu aliwadai wenzake namba mbili, iliyotoka kikombeni na iliyolowa kitambaani, na mtoto asiyeongezeka uzito alijaziliziwa kwa mrija wa puani siku hiyo hiyo.