Wapagazi Hawakuwemo Kwenye Boksi

Mwenzangu wa rumu anasoma uhasibu, kwa hiyo ndiye aliyepiga hesabu: brashi tatu, vikopo sita vya rangi, gundi mbili, vyote kwa hela ya boom, halafu mwisho wa mwezi naomba unga. "Mtu mzima unachezea midoli," akasema. Nikamwambia si midoli, ni jeshi. Akacheka mpaka akakaa chini.

Aliyeniambukiza ni binamu yangu. Aliporudi kutoka Uingereza aliniletea boksi la askari wa plastiki, kila mmoja hafiki sentimita tatu. Huko watu wazima hukaa mezani siku nzima wakirudia vita vya zamani kwa kete na futi ya kupimia. Mchezo wenyewe una umri. H. G. Wells, yule mwandishi wa hadithi za kisayansi, alichapisha kitabu cha kanuni zake, Little Wars, mwaka 1913. Mwaka uliofuata vita vya kweli vikaanza, vikafika mpaka Tanga.

Basi nikachagua Tanga. Novemba 1914 Waingereza walishusha pale kikosi cha watu kama 8,000 kutoka India. Von Lettow-Vorbeck alikuwa na kama 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika, na wengi walifika kwa treni kutoka Moshi. Nyuki nao wakaingilia ugomvi. Mwisho Waingereza wakarudi melini.

Kupaka rangi kunataka subira. Kwanza nyeusi mwili mzima, ikauke. Kisha kaki. Kisha kahawia iliyozimuliwa kwa maji, iingie kwenye mikunjo ya nguo. Mwisho unachovya brashi, unaifuta mpaka ikaribie kukauka, unapitisha juu juu ili kingo zionekane. Kwenye midomo ya bunduki nilibandika pamba, maana askari wengi wa Mjerumani bado walikuwa na bunduki za zamani za baruti ya moshi.

Nilipokwenda field nilibeba jeshi langu kwenye boksi la viatu. Nikaunganisha madawati, nikagawa kidato cha nne pande mbili, kete zikarushwa. Darasa lilipiga kelele mpaka mwalimu wa zamu akachungulia. Mimi moyoni: hapa nimefundisha!

Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Madam, hawa chakula na risasi wanabebewa na nani?"

Nikamjibu treni. Akauliza tena, "Na kule ambako treni haifiki?"

Nilinyamaza. Jibu nilikuwa nalo kwenye notsi tangu mwaka wa kwanza. Vita vile viliendelea mpaka Novemba 1918, porini, ambako mbung'o waliua farasi na ng'ombe, kwa hiyo mizigo ilipanda vichwani mwa watu. Wapagazi walikuwa wengi kuliko askari, na walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa njaa na maradhi kuliko risasi. Jina Kariakoo tunalolisikia kwa makonda kila siku limetokana na Carrier Corps, kikosi chao upande wa Mwingereza. Yote hayo nayajua, lakini mezani kwangu hakukuwa na mpagazi hata mmoja. Kwenye boksi hawakuwemo, na mimi sikuwatafuta.

Niliporudi chuoni nikaanza kuwatengeneza. Mifupa ni waya wa earphone zilizokufa, nyama ni tishu na gundi, mzigo ni kipande cha kiberiti. Nikaongeza kanuni: kila raundi unarushia wapagazi kete, ikitoka moja mmoja anaanguka. Wakipungua, askari hawasogei.

Tulijaribu rumuni. Mwenzangu alikuwa kamanda. Raundi ya nne bado ana askari wote, wapagazi wamebaki watatu. Hakucheka. Akasema, "Kumbe nilikuwa nahesabu watu wasio sahihi."

Sijui kama ni haki kurusha kete juu ya watu waliokufa kweli. Swali hilo bado linanisumbua kila ninapoinamia taa. Lakini naona kuwaacha nje ya meza ni vibaya zaidi.

Nimefikisha 34. Nataka 100 kabla ya UE, nirudi nao kwenye lile darasa, yule binti awe ameshamaliza au hajamaliza. Ukiwa na waya mbovu wa earphone, usitupe. Niletee.