Gemu iliyomrudisha baba sebuleni

Sauti ndiyo iliyomtoa mama jikoni. Umeme ulikuwa umerudi muda si mrefu, naye alikuwa anapepeta mchele, aliposikia kijana sebuleni akimwambia mtu mzima, kwa Kiswahili kilichonyooka, kwamba anataka arudishiwe baba yake. Haikuwa sauti ya mwanawe. Lakini katika nyumba ile ya Masasi arobaini ya baba ilikuwa imesomwa wiki mbili tu nyuma, na maneno kama hayo hakuna aliyekuwa akiyatamka. Aliacha ungo pale pale.

Alimkuta mwanawe wa miaka 14 amekaa sakafuni, pedi mkononi, mbele ya kompyuta mpakato aliyoachiwa na binamu yake anayesoma chuo Dar es Salaam. Kwenye kioo alisimama kijana mwenye kinyago, na pembeni yake mzee mmoja mtulivu.

"Huyo mzee ni nani?"

"Kalunga, Mama."

"Kalunga ndiye nani?"

"Mungu wa kifo."

"Zima."

Mtoto akazima. Hakubisha, hakununa. Alitoka nje akaenda kukaa kwenye kiambaza, kama alivyokuwa akifanya tangu Julai.

Julai ndipo baba alipoanguka shambani, nje kidogo ya mji, akiwa peke yake anapulizia mikorosho salfa. Ilikuwa presha. Majirani walimkuta chini ya mti, mashine ya kupulizia bado inanguruma mgongoni. Tangu siku hiyo mtoto hakulia. Hakulia makaburini, hakulia siku ya arobaini. Mtoto asiyelia msibani huwatia watu wasiwasi kuliko yule anayegaragara, na mama alikwisha kuambiwa na zaidi ya jirani mmoja kwamba amwangalie vizuri. Sasa anamkuta anazungumza na mungu wa kifo. Usiku huohuo alimpigia simu kaka yake Newala.

Mjomba hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Kompyuta ifungwe, irudishwe kwa mwenyewe, na kijana aletwe Newala Jumamosi asaidie mzunguko wa mwisho wa dawa kwenye mikorosho ya bibi. "Mtoto wa kiume hafundishwi msiba na gemu," alisema. Mama alikubali, ila siku ya safari, bila kujua kwa nini, aliiacha kompyuta ndani ya begi la mtoto.

Gemu yenyewe inaitwa Tales of Kenzera: ZAU. Ilitoka Aprili 2024, na aliyeiongoza ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza ambaye familia yake ina asili ya Kenya. Wachezaji wengi wanamjua kwa sauti ya Bayek katika Assassin's Creed Origins ya mwaka 2017. Baba yake alifariki kwa saratani, na gemu hii ndiyo namna yake ya kusema na msiba huo. Desemba 2023, alipoitangaza kwenye tuzo za gemu mjini Los Angeles, alisimama mbele ya watu akamzungumzia baba yake. Kampuni yake, Surgent Studios, iliweka pia sauti za Kiswahili, jambo ambalo watengeneza gemu wengi hawajawahi hata kulifikiria. Ndiyo maana mama alielewa kila neno. Ingekuwa Kiingereza, huenda angeendelea na mchele wake.

Ndani ya gemu kuna kijana anayeitwa Zau, mganga anayejifunza. Baba yake amekufa. Anamwita Kalunga na kufanya naye makubaliano: Zau akamletee mizimu mitatu mikubwa iliyokataa kwenda kwa wafu, naye amrudishie baba. Kazi yote ya mchezaji inatoka hapo. Anakimbia, anaruka majabali, anateleza ukutani, anarudi njia aliyopita ili afungue mlango ambao mwanzo ulimshinda. Hakuna bunduki. Silaha ni vinyago viwili alivyoachiwa na baba, cha jua na cha mwezi. Cha jua ni cha kupigana ana kwa ana, kwa moto. Cha mwezi kinarusha mapigo kwa mbali. Mchezaji hubadilisha kwa kubonyeza kitufe kimoja, na anayeng'ang'ania kinyago kimoja hafiki mbali, kwa sababu wapo maadui wenye ngao isiyovunjwa ila na kile kingine. Mkono wa mtoto yule ulikuwa mwepesi mno kwenye kitufe hicho. Walioumaliza mchezo wanasema si mrefu, saa nane au zaidi kidogo. Yeye alikuwa na wiki tatu nao na hata nusu hajafika, kwa sababu nyingine itakayoonekana.

Jumamosi ile kosta ilipanda uwanda wa Makonde ikiwa imejaa. Newala kulikuwa na upepo, mikorosho imechanua, na bibi alikuwa mlangoni.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mbona umekonda? Huko Masasi hawakupi ugali?"

Mchana walipulizia dawa. Mjomba alibeba mashine, kijana alibeba mfuko wa salfa, na mama aliona kwamba kila mfuko ulipowekwa begani mwake, uso wake ulibadilika. Hakuuliza. Usiku, baada ya kula, bibi ndiye aliyeuliza. Alikuwa ameambiwa habari ya gemu ya mashetani, na hakuwa tayari kulala kabla hajaiona.

Mjomba alipinga. Bibi akamwambia nyumba ni yake.

Kompyuta ikawashwa mkekani. Zau alipovaa kinyago, bibi alicheka kwa sauti, akajifunika mdomo kwa kanga. "Kumbe midimu!" Kisha akashangaa zaidi. "Na anavaa hadharani? Mbele ya wanawake?"

Inafaa msomaji wa mbali aelewe mshangao huo. Kwa Wamakonde wa Newala, midimu ni wachezaji wa vinyago wanaotokea zaidi majira ya jando na unyago. Wengine hucheza juu ya miguu mirefu ya miti. Mila inataka wanawake na watoto waamini kwamba aliyekuja si mtu, ni mzimu. Mvulana hufunuliwa siri akiwa jandoni, na akitoka haisemi. Bibi yule alikuwa amezikimbia midimu tangu akiwa binti mdogo, na kijana alikuwa ametoka jando miaka miwili nyuma, kwa hiyo pale mkekani kila mmoja alijua kitu ambacho hakutakiwa kumwambia mwenzake.

"Sisi wanawake hatujui ndani kuna nani," bibi alisema, akimtazama mjomba kwa jicho la pembeni. Mjomba, ambaye ujana wake aliumaliza ndani ya kinyago, aliangalia dari.

Hapo hofu ilipungua kidogo. Kilichokuwa shetani Masasi, Newala kilikuwa ngoma.

Lakini mama alikuwa anaangalia kitu kingine. Zau aliruka bonde, akakosa, akatua kwenye miiba akafa. Kioo kikawa cheusi, mara akasimama tena nyuma kidogo, mzima. Akaruka. Akafa. Akasimama. Mama alihesabu mara saba, kisha akaacha kuhesabu. Alimwona mwanawe hakasiriki, hasongi haraka, kama mtu ambaye angeweza kukaa hapo hata mwaka mzima. Mama alikuja kusema baadaye kwamba kuona mtu anakufa na kuamka kirahisi vile ndiko kulikomuuma kuliko jina la Kalunga, na hapo alisema kweli: mungu wa kifo wa kwenye gemu ana mdomo wa kujadiliana naye, na aliyekuja shambani Julai hakuuliza mtu.

Ndipo Zau akafika kwenye mbuyu. Ipo mibuyu sehemu sehemu katika safari yake. Akiikuta, mchezaji anaweza kumketisha chini yake. Zau anatulia, anamzungumzia baba yake, na akiinuka nguvu zake zimeongezeka. Hakuna adui wa kupiga pale. Wachezaji wenye haraka hupita upesi. Mtoto yule hakupita. Aliweka pedi chini, akasubiri, Zau akamaliza maneno yake, na mtoto bado hakuinuka.

"Anaongea nini hapo?" bibi aliuliza. Masikio yake si mazuri.

"Anasema hakumuaga."

"Nani hakuagwa?"

Kimya. Halafu yakatoka, bila machozi, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha. Asubuhi ile ya Julai baba alimwita waende shamba. Yeye alikuwa kwenye gemu ya mpira, dakika za mwisho, anaongoza bao moja. Akasema, "Nakuja, Baba, tangulia." Baba akatangulia. Yeye akacheza mechi nyingine, na nyingine. Alikuwa bado amekaa hapohapo majirani walipoingia uani wanakimbia.

Mama hakuwa anajua. Siku zote alidhani mtoto alikuwa amelala.

Mjomba ndiye aliyesogea kwanza, akataka kusema jambo, likamshinda. Bibi aliuliza swali la kawaida kabisa.

"Alikuita ukafanye nini?"

"Nibebe mfuko wa salfa."

"Basi ungekuwepo, ungebeba mfuko. Na baba yako angeanguka mbele yako, ukaanza kukimbia kutafuta watu, na huko shambani watu wako mbali. Presha haimwogopi mtoto." Akanyamaza kidogo. "Na mpira ule ulishinda?"

"Nilifungwa. Wakasawazisha, kisha nikafungwa."

"Umeona," alisema bibi, ingawa haikueleweka kwamba ameona nini, na hapo ndipo mtoto alipolia. Alilia vibaya, kwa makamasi na kwikwi, kichwa kwenye mapaja ya bibi, mpaka mama akaingiwa na hofu ya aina nyingine. Zau alibaki amekaa chini ya mbuyu wake hadi kompyuta ikaishiwa chaji.

Mjomba hakubadili msimamo. Asubuhi alirudia kwamba saa nzima mbele ya kioo inatosha kwa siku, na kwamba kompyuta ya watu irudi kwa wenyewe mwenye nayo akifunga chuo. Ana haki yake. Mtoto aliyepoteza mchana mmoja kwa gemu hatakiwi kupoteza miaka. Mama amekubaliana naye kuhusu saa, na saa hiyo ameiweka baada ya sala ya magharibi.

Masasi sasa korosho za kwanza zimeanza kudondoka. Mtoto huziokota asubuhi kabla ya shule, kwenye shamba lilelile. Koti la salfa la baba bado linaning'inia nyuma ya mlango. Hakuna aliyelifua, hakuna aliyelitoa.

Juzi jioni ilifika saa ya gemu. Mzimu wa pili ulikuwa umeshapatikana, umebaki mmoja. Mama alisikia kutoka jikoni Zau na Kalunga wakibishana tena, akaja mlangoni.

"Huyo mzee atamrudisha kweli?"

"Sijui, Mama. Bado sijafika mwisho."

"Binamu yako hajakwambia?"

"Nilimkataza asiniambie."

Mama alirudi jikoni, akauchukua ungo wake na mchele, akaja kukaa mkekani karibu na mwanawe. Akaendelea kupepeta hapohapo sebuleni.