Goma Haijageuza Saa

Kila mwisho wa Oktoba mabishano yaleyale huzuka katika vibanda vya kuonyeshea mpira hapa Birere. Kijana aliyezoea kufika saa tatu usiku kutazama Ligi ya Mabingwa anakuta televisheni bado inapiga muziki, na mwenye kibanda anamwambia mechi imesogea hadi saa nne. Jumamosi ni hivyohivyo. Mpira wa Uingereza uliokuwa ukianza saa kumi jioni sasa unaanza saa kumi na moja, na anayeishi mbali, huko Ndosho au Mugunga, anaanza kuwaza ni motari gani wa pikipiki atakubali kumrudisha gizani. "Wamebadilisha saa tena," watu wanasema, kisha wanalipa na kukaa. Mwisho wa Machi mechi zinarudi mapema, na hapo hakuna anayeshukuru.

Sisi hatujagusa kitu. Waliogusa ni watu wa Ulaya, ambao Jumapili ya mwisho ya Machi husogeza saa mbele na Jumapili ya mwisho ya Oktoba huirudisha nyuma. Wana sababu yao: mwezi Juni kwao jua huchomoza watu wakiwa bado wamelala, na Desemba hulisubiri hadi wanakata tamaa. Goma haina habari hizo. Tuko chini ya nyuzi mbili kusini mwa ikweta, na mchana wetu wa Juni na wa Desemba haupishani hata robo saa. Jua linatoka karibu saa kumi na mbili asubuhi, linazama nyuma ya milima ya upande wa Sake karibu saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima. Tena saa yetu imepimwa kwa mstari wa nyuzi 30 mashariki, unaopita jirani tu, karibu na Kigali, kwa hiyo saa sita mchana ya Goma ni saa sita kweli au karibu yake. Hakuna mwanga wa kuokoa hapa. Ukiukosa wa asubuhi, umeukosa kwa uvivu wako.

Mchezo huu wa kugeuza saa uliingia serikalini kupitia vita. Ujerumani na Austria-Hungaria ndizo zilizoanza kuutekeleza nchi nzima, usiku wa Aprili 30, 1916, ili kupunguza makaa ya mawe yanayochomwa kwa taa za jioni. Tarehe hiyo hunichekesha kidogo. Wakati Berlin ikisogeza mishale, Wajerumani wa upande huu, waliotawala Rwanda ng'ambo tu ya Goma, walikuwa wanasukumwa na jeshi la Kongo ya Wabelgiji. Mei 6 Kigali ikatekwa. Wapagazi waliobeba risasi na vyakula vya vita hiyo hawakuulizwa saa. Walitembea kulipokucha, wakalala kulipokuchwa. Amani iliporudi mtindo ukafifia nchi nyingi, halafu uhaba wa mafuta wa miaka ya 1970 ukaufufua: Ufaransa mwaka 1976, Ubelgiji 1977.

Marehemu baba alikuwa na siasa kama hiyo nyumbani. Saa ya ukutani sebuleni aliiweka mbele makusudi ili watoto tusichelewe shule. Kwa wiki chache tuliwahi. Kisha kila mmoja wetu akajifunza kutoa zile dakika kichwani, na tukachelewa kama zamani, ila sasa tukiwa na hesabu. Mama ndiye aliyelimaliza jambo hilo: aliirudisha saa mahali pake, akatangaza kwamba uji utaondolewa mezani ikifika saa kumi na mbili na nusu. Tuliwahi.

Nimeukumbuka uji ule mara nyingi nikisoma jinsi Ulaya inavyohangaika kuacha. Mwaka 2018 Tume ya Ulaya iliwauliza wananchi wake maoni. Majibu milioni 4.6 yalipokelewa, milioni tatu na zaidi yakitoka Ujerumani peke yake, na asilimia 84 ya waliojibu walitaka zoezi hili likome. Machi 26, 2019 Bunge la Ulaya likapiga kura, 410 dhidi ya 192, kwamba mwisho uwe 2021. Mwaka 2021 ukapita. Serikali zao hazikuafikiana wabaki na saa ipi, ya kiangazi au ya baridi, na wenye uwezo wa kuacha wakaendelea kwa sababu kuacha kunadai uchague. Naona binadamu wengi tunaishi hivyo. Tabia tunayoikubali kuwa mbovu tunaishika mwaka baada ya mwaka, kwa vile hatujakubaliana tuweke nini mahali pake.

Lakini nisiwacheke Wazungu kana kwamba huku hatujui kugeuziwa siku. Hapa saa inayotawala maisha iko mpakani.

Kati ya Goma na Gisenyi ya Rwanda kuna milango miwili mikuu: Grande Barrière iliyo kando ya ziwa, na Petite Barrière, ambako siku za kawaida makumi ya maelfu ya watu huvuka kwa miguu. Wengi ni kina mama. Mboga, maziwa na nyama vinakuja huku; vitenge na bidhaa za madukani vinaenda kule. Mtaji wa wengi wao ni wa siku moja: kinachouzwa leo ndicho kinachonunua mzigo wa kesho, na faida ndiyo sufuria ya jioni. Juni 2022, baada ya askari mmoja wa Kongo kuuawa kwa risasi pale Petite Barrière, wakuu wa mkoa waliamuru mpaka ufungwe saa tisa alasiri badala ya saa kumi na mbili jioni.

Saa tatu. Kwa anayekaa ofisini ni alasiri moja ya uvivu. Kwa muuza karoti ni kitu kingine, maana wanunuzi wake hutoka kazini baada ya saa tisa, na wanaopita kabla ya hapo wanajua kwamba akibaki na mzigo hatarudi nao. Ilipokaribia saa nane bei ilishuka yenyewe. Jirani yangu mmoja, mama wa makamo anayetoka Gisenyi kila siku na kapu lake, aliniambia hasara haikuwa hata kwenye bei. Ilikuwa kwenye miguu, kwa sababu sasa alilazimika kukimbia. Aliyechelewa alilala upande usio wake, akitafuta ndugu au rafiki wa kumhifadhi, na watoto nyumbani walipikiwa na nani? Maswali hayo hayakuwa mageni. Machi 2020 korona iliufunga mpaka kabisa kwa watu wa miguu, na waliokuwa wakiishi kwa kuvuka wakajua kwamba siku nzima inaweza kuondolewa, seuze saa tatu.

Pamoja na hayo, nitasema jambo ambalo jirani yangu hakulipenda nilipomwambia. Amri ile ilikuwa kali, ila ilikuwa wazi. Ilisema: tunafunga mapema kwa sababu ya usalama. Amri iliyotaja jina lake unaweza kuilalamikia, ukaomba ilegezwe, ukamuuliza mkubwa inaisha lini. Motari wa mji huu wanalijua hilo vizuri. Kwa miaka mingi saa yao ya mwisho ya kubeba abiria imesogezwa mbele na nyuma kadiri ya hali ya usalama, na kila mara wamebishana na waliotoa amri. Ukimgeuzia mtu saa yenyewe, abishane na nani? Unamwamsha mapema kwa nguvu, halafu unamwonyesha mshale: tazama, muda ni uleule. Jirani yangu alisikiliza, akanijibu kwamba karoti hazitofautishi. Ana haki yake.

Ndiyo maana nilipendezwa na walichofanya majirani wa ng'ambo. Novemba 2022 serikali ya Rwanda iliamua kwamba kuanzia Januari 1, 2023 kazi zianze saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na shule zianze saa mbili na nusu, ili watoto walale vya kutosha na wazazi wapate nafasi nao asubuhi. Saa za ukutani hazikuguswa. Kama mama na uji wake, waligusa kilichotakiwa kuguswa. Unaweza kulipenda badiliko hilo au kulichukia, lakini unajua ni lipi na ni la nani.

Kuna wakati, bila shaka, ambapo saa yenyewe ndiyo yenye kosa. Sudan Kusini iliirudisha nyuma kwa saa moja Februari 1, 2021, ikalingana na jua lake, na ikaishia hapo. Namibia iligeuza kila mwaka tangu 1994, ikachoka, ikaacha mwaka 2017. Moroko tangu 2018 imekaa mbele kwa saa moja, ila ukifika mwezi wa Ramadhani inairudisha ili futari iwahi. Na sisi tuna Bunagana, mji wenye jina moja pande mbili za mpaka: upande wa Uganda saa iko mbele kwa saa moja, jua likiwa lilelile juu ya mabati yaleyale. Dereva wa lori kutoka Kampala huvuka na kurudishiwa saa nzima, na mara nyingi huimalizia palepale kwenye foleni ya forodha. Mwisho wa Januari 2025 mji wa Goma nao ulibadilisha watawala kwa siku chache za risasi. Mengi yalisimama, uwanja wa ndege, mabenki. Saa haikusogea hata dakika. Sijui kama hilo linafariji au linaudhi; mimi siku zile liliniudhi.

Nyumbani kwetu suala hili lina sura nyingine, maana tumetawanyika. Dada yangu mkubwa yuko Brussels, mdogo wetu wa mwisho yuko Kinshasa, mimi na mama tuko hapa. Jumapili tunazungumza wote kwa simu, na dada ndiye anayepiga, saa mbili usiku ya kwake. Kiangazi chao kikiwepo, saa ya Brussels na ya Goma ni moja, na mama anakuwa mchangamfu. Ikifika Oktoba, saa mbili ya dada inakuwa saa tatu yetu, na mama anasinzia kabla salamu hazijaisha. Kinshasa mambo yako kinyume: Oktoba inawaweka sawa na Brussels, lakini kiangazi saa mbili ya dada ni saa moja yao, na mdogo wetu yuko bado kanisani au kwenye msongamano wa magari.

Kwa hiyo tuna vyama. Ubelgiji ikiamua kubaki na saa ya baridi daima, Kinshasa imeshinda. Ikibaki na ya kiangazi, tumeshinda sisi. Dada anaunga mkono baridi, akisema kwamba kwa saa ya kiangazi jua la Desemba huko Brussels lingechomoza karibu saa nne kasorobo asubuhi, na watoto wake wangefika shule gizani. Mama alimwambia watazoea. Walibishana hadi salio likaisha. Jumapili iliyofuata dada alipiga saa moja mapema, mama akazungumza mpaka akamaliza yote, na mdogo wetu akajiunga kutoka ndani ya basi, tulipokuwa tukiagana.