Feleji na Upepo wa Kusi

Katika uwa wa nyumba moja ya Ng'ambo, mjini Unguja, fremu ya baskeli ya safari ilitundikwa ukutani kwa zaidi ya miaka ishirini. Haikuwa na magurudumu, wala mnyororo, wala usukani. Watoto wa mtaani walidhani ni kichanio cha nguo, na aghalabu ndiyo kazi iliyoifanya. Mwenyewe, mwalimu mstaafu ambaye mtaa mzima humwita Maalim, hakuwahi kuwakatalia kuanika juu yake, ila kila mwaka, mvua za masika zilipokaribia, aliishusha, akaipangusa, akaipaka mafuta, kisha akairejesha mahali pake.

Aliinunua mwaka 1986 kwa mgeni wa Kiingereza aliyekuwa akirudi kwao na hakutaka gharama ya kuisafirisha. Wakati ule Maalim alikuwa kijana, na kila mwisho wa mwezi alikwenda nayo Makunduchi kumtazama mama yake, mwendo wa zaidi ya kilomita sitini. Mama alipofariki, safari zikapungua. Magurudumu akapewa kijana wa jirani, vitu vingine vikapotea kimoja kimoja, na fremu ikabaki.

Mwaka 2023, akiwa na umri wa miaka sitini na saba, na goti lake la kulia limeanza kumsumbua, Maalim aliishusha na hakuirejesha tena ukutani. Aliibeba begani mpaka kwa fundi, akamwambia anataka kwenda nayo Makunduchi.

Ni vyema msomaji aelewe kwa nini fremu ile ilistahili taabu. Baskeli iliyozoeleka visiwani kwa miaka mingi ni ile ya Phoenix kutoka Shanghai: nzito, ya gia moja, yenye breki za vyuma, na iliyobeba kila kitu kuanzia gunia la mkaa hadi bibi harusi. Fremu ya Maalim ni ya ukoo mwingine. Mabomba yake ni ya feleji iitwayo 531, ambayo kiwanda cha Reynolds cha Birmingham kilianza kuitoa mwaka 1935, feleji iliyochanganywa na manganisi na molibdeni. Bomba la namna hiyo lina ncha nene, mahali linapoungana na jenzake, na katikati hupunguzwa hata unene wake ukawa chini ya milimita moja. Hataza ya kutengeneza mabomba hayo ilipatikana mwaka 1897. Hivyo fremu huwa nyepesi pasina kuwa dhaifu, na hunepa kidogo juu ya barabara mbaya, kama mti wa mzega unavyonepa begani mwa mchukuzi.

Wa kwanza kupinga alikuwa binti yake, anayeishi Maskati. Alipiga simu akasema, "Baba, isafishe, ing'arishe, tuitundike ukumbini. Mimi nitatoa gharama zote. Lakini usiipande." Hakusema kwa kuwa hana adabu, bali kwa kuwa ana khofu. Mtu wa umri ule akianguka, mfupa wake hauungi upesi. Maalim akamjibu kwa upole, "Mwanangu, imekaa ukutani miaka ishirini. Ukuta imeshaujua."

Basi kazi ikaanza, na adui wa kwanza akawa chumvi. Kisiwani, hewa yenyewe hula chuma. Nguzo ya tandiko ilikuwa ya alumini, imezama ndani ya bomba la feleji, na madini mawili hayo yakikutana penye unyevu wa chumvi, alumini huoza, ikavimba, ikashikamana na chuma kana kwamba zilizaliwa pamoja. Fundi alitia mafuta mepesi siku tano. Haikutikisika. Ikabidi akate kichwa cha nguzo, aingize ubapa wa msumeno wa chuma ndani ya tundu lake, na kuikereza alumini kwa urefu wake, kidogo kidogo, kutoka ndani kwenda nje. Kazi hiyo ilichukua siku mbili, kwa sababu msumeno ukipita alumini na kuingia katika feleji, fremu imekwisha. Fundi alisema alikuwa akisikiliza kuliko kutazama: alumini hulia sauti nzito, feleji hulia nyembamba. Siku ya pili alasiri alisikia ile nyembamba, akasita papo hapo. Akaikunja nguzo kwa koleo, ikatoka.

Kikombe cha gololi cha upande wa kulia nacho kilimpa somo mwanafunzi wake. Kijana alikivuta kuelekea kushoto kama afunguavyo nati yoyote, na kila akivuta kilizidi kukaza, mpaka spana ikamponyoka na kumchubua vidole. Katika fremu za Kiingereza, kikombe cha upande huo kina hesi za kinyume. Hufunguliwa kwa kuzungushwa kulia. Fundi alicheka, kisha akamfunga kidole kwa kitambaa. Kitu cha watu, alimwambia, kiulize kwanza kilivyofungwa.

Kutu ya nje ilikuwa nyepesi kuliko ilivyodhaniwa. Yale mafuta ya kila mwaka hayakwenda bure. Maalim alikataa rangi mpya. Palipochubuka pakasuguliwa kwa msasa na kuzibwa, na kibandiko kidogo cha Birmingham, kilichofifia hata kikawa hakisomeki ila na mtu aliyekwisha kujua kilichoandikwa, kikaachwa.

Ikaja sasa khabari ya mabadiliko, na hapa ndipo mashauri yalipokuwa mengi. Magurudumu ya awali yalikuwa ya inchi 27, ambayo ringi yake ina kipenyo cha milimita 630, na tairi zake zimekuwa adimu. Fundi alichagua ringi za milimita 622, zinazopatikana kwa urahisi zaidi, ndogo kwa milimita nane tu. Mipira ya breki ikateremshwa milimita nne, na nafasi ikapatikana ya tairi pana zaidi. Habu ya nyuma ilitoka katika baskeli ya milimani iliyochakaa. Ina upana wa milimita 135, ilhali miguu ya nyuma ya fremu iliachana kwa milimita 126. Kulikuwa hakuna budi ila kuipanua.

Alumini haivumilii jambo hilo, hupasuka. Feleji hukubali, ikiwa mkono ni wa taratibu. Fundi alitia chuma kirefu chenye hesi baina ya miguu miwili, akawa anazungusha nati, anaachia, anapima, anazungusha tena. Kisha akafunga uzi kutoka ncha ya mguu mmoja, akaupitisha mbele ya shingo ya fremu, akaurudisha katika mguu wa pili, akapima nafasi baina ya uzi na bomba la tandiko kwa kila upande. Zikilingana, fremu imenyooka. Hazikulingana mara ya kwanza, wala ya pili. Maalim alikaa juu ya kigoda bila ya kusema neno. Mara ya nne zikalingana, na ndipo mkewe fundi alipowaletea chai.

Gia nazo zilibadilishwa. Zamani, katika gia nyepesi kuliko zote, meno 40 mbele yalivuta meno 28 nyuma, na mzunguko mmoja wa kanyagio ulimpeleka mtu mita tatu hivi. Sasa ni 26 kwa 32, na mzunguko mmoja ni chini ya mita mbili. Kijana angeona ni kudhalilika. Goti la Maalim liliona ni rehema. Usukani uliopinda chini ukapisha ulionyooka, ulioinuliwa juu, ili mgongo usiiname.

Lakini Maalim alikuwa hawezi tena kupitisha mguu juu ya bomba la juu. Jirani mmoja, mchomaji mageti, akatoa shauri: likatwe, lishushwe, lichomwe kwa umeme, iwe kama baskeli ya kike. Kazi ya nusu saa. Maalim akamtazama fundi, na machoni mwake mlikuwa na kukubali.

Fundi akakataa. Alieleza kwamba feleji ile iliundwa iungwe kwa shaba, kwa moto wa kadiri. Moto wa umeme huidhoofisha pembezoni mwa kiungo, na bomba jembamba vile linaweza kukatika safarini. Kisha akasema maneno ambayo Maalim, mtunzi wa mashairi tangu ujana wake, hakuwa na jibu lake: "Magurudumu ni maneno, Maalim. Gia ni maneno. Hili bomba ni mizani."

Kila mtunzi anajua maana yake. Neno lililochakaa laweza kuondolewa katika mshororo na likaja jingine, na shairi likazidi kupendeza. Mizani ikivunjwa, msomaji aweza asijue kosa ni lipi, lakini mwimbaji atajikwaa. Badala ya kukata chuma, fundi alimfundisha Maalim kuilaza baskeli ubavu mpaka bomba likawa chini ya goti, apitishe mguu, kisha ainuke nayo. Kwa wiki nzima, kila baada ya swala ya alasiri, mzee alijifunza kupanda baskeli uwani kwake, na watoto waliokuwa wakianika nguo wakimhesabia.

Julai, siku za Mwaka Kogwa, binti alikuja likizo. Alikuta baskeli imesimama mlangoni, imefungwa karia na kengele. Hakusema kitu. Alfajiri baba yake alipotoka, alikodi gari akamfuata kwa mbali.

Kusi ilikuwa kali, na njia ya Makunduchi yaielekea kusi uso kwa uso. Maalim alipita Tunguu katika gia ya kati, akapita msitu wa Jozani katika gia nyepesi, na alipofika Kitogani alishuka, akakaa chini ya mwembe. Gari likasimama. Binti alishuka na dafu mkononi. Baba akalinywa lote, akasema, "Upepo umenishinda, mwanangu. Ipakie." Wakaingia Makunduchi kwa gari, wakazuru kaburi la bibi, wakakaa siku tatu.

Siku ya nne, kabla ya jua kupanda, Maalim aliilaza baskeli ubavu, akapitisha mguu, akainuka nayo. Binti aliuliza kama aite gari. "Ngoja kwanza," alisema. Kusi ilikuwa ile ile, ila sasa ilikuwa mgongoni mwake. Adhuhuri ilipoadhiniwa alikuwa Ng'ambo, mbele ya kibanda cha fundi, miguu imejaa vumbi, akipiga kengele.